Nyasi za Mongolia

Juzi runinga ya mgahawani ilionyesha wafugaji wa Mongolia, nikashindwa kumaliza wali wangu.

Tukiwa shule kule Msowero, mwalimu wa jiografia alituambia Mongolia nyasi hazina mwisho. Saitoti, mtoto wa wafugaji niliyekaa naye dawati moja, akauliza, "Na mashamba ya watu je, mwalimu?"

"Machache sana."

"Si mhamie huko basi," wa nyuma wakamtania.

Kesho yake hakuja. Mchana upepo ulileta harufu ya ngozi inayoungua. Nikamwambia mama, "Kina Saitoti wamehamia Mongolia."

"Ndiyo, mwanangu," alisema, akafunga dirisha.

Ukubwani nikajua ng'ombe wao walikula mahindi yetu, mjomba wangu akachomwa mkuki, na wanaume wa kwetu wakachoma boma lao, watu wakiwa ndani. Nani alianza, sina hakika. Mchana ule nilimwonea wivu Saitoti.