Goti la Kaka

Jambo lote lile lilitugharimu kuku watatu, chupa mbili za samli, na bibi. Nimehesabu mara mbili. Kuku wa nne alikufa mwenyewe, simdai mtu.

Juzi nilikuwa mwaloni Nkome, kando ya ziwa mitumbwi inaposhusha samaki, nikipatana bei ya dagaa. Harufu ile ya samaki na jua ikanirudisha kijijini kwetu Bugarama, nikiwa darasa la tatu, kaka yangu akiwa mfungaji wa timu yetu ya mpira. Wachimbaji wa dhahabu walikuja kumtazama na vumbi hadi kwenye kope. Jirani alimchemshia yai kila siku ya mechi. Mimi nilibaki na maganda.

Kisha timu ya Nkome ikamtaka. Kaka aliogopa midomo ya watu.

"Wakijua nahama watasema nimewauza," akaniambia jikoni. "Wewe sema goti limeharibika, nakwenda kutibiwa. Mtoto haulizwi mara mbili."

Nikasema, nyumba kwa nyumba. Watu wakaleta kuku wa kumpa nguvu. Kila jioni bibi alimkanda kwa samli, akilisemesha goti Kisukuma kama ndama mgonjwa, mimi nimeshika koroboi. "Mguu huu ni wa kijiji kizima, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma chake. Mguu wenyewe ulikuwa mzima kuliko wake.

Kaka akaondoka, akasindikizwa kwa machozi. Mwezi haujaisha, timu yetu ikaenda kucheza Nkome. Tulijaa lori zima, bibi mbele, tukiimba jina la mgonjwa wetu. Mgonjwa akatokea na jezi yao. Akafunga. Hakushangilia, aliunganisha viganja kifuani kutuomba radhi, kama mastaa wa kwenye televisheni.

"Kumbe goti likifika ziwani linapona!" jirani akapaza sauti.

Lori zima likacheka kwa uchungu. Bibi alinusa viganja vyake, akavifuta kwenye kanga, akavifuta tena. Hakumkanda mtu mwingine hadi tulipomzika. Kaka hakuja msibani. Aliogopa midomo ileile.

Sasa uwanja wetu umejaa mabanda ya kusagia mawe. Jirani hafugi tena kuku.

Na pale mwaloni, ndoo yangu ikiwa nusu, mtu mwenye mkongojo akaniita jina la utotoni. Kaka. Goti limevimba kama boga, safari hii nimelishika mwenyewe.

"Nataka kurudi nyumbani, mdogo wangu. Tangulia, uwaambie naumwa."

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nishauri. Nikapige hodi nyumba ipi kwanza, na nikishakaribishwa, niseme nini?