Ukanda wa Nyasi wa Vern Stallard

Kwetu Toowoomba, mji wetu hapa Australia, mtu anayekata nyasi za jirani yake bila kuombwa ama ni mwema sana, ama anatafuta ugomvi. Vern Stallard alikuwa mwema sana, na ugomvi akaupata vilevile.

Mbele ya kila nyumba, kati ya uzio na barabara, kuna kipande cha nyasi. Ardhi ni ya manispaa, lakini kikigeuka kichaka aibu ni yako. Kukikata nako kuna adabu zake. Ukimaliza chako, unavuka mpaka kidogo na kukata upana wa mashine moja upande wa jirani. Hiyo ni salamu. Ukikikata chake chote, umemfanyia hisani, na naye atakurudishia siku nyingine. Lakini ukisimama sawasawa mpakani, ukaacha mstari kama uliopigwa kwa rula, hapo umemtukana, na mtaa mzima utausoma mstari huo kabla hata ya kunywa chai ya asubuhi.

Siku hizi vijana wanalipa watu wa kuja na gari kuwakatia, na hao watu hukata kila kitu kinachosimama. Sina ugomvi nao. Ila nikisikia zile mashine zao mwezi wa Agosti, lazima nichungulie dirishani.

Vern alikuwa amestaafu reli. Mfupi, kifua kipana, kofia ya kitambaa iliyokuwa imepauka hata rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alikuwa mtu wa watu. Upepo wa baridi ukipungua na matawi ya mipichi kuanza kuchanua, ungemkuta anagawa miche mtaani ndani ya makopo matupu ya siagi, anaiweka mlangoni kwako na kuondoka bila kubisha hodi. Mtaa wetu wa Lindop haukuwa na bustani za kushinda zawadi. Tulichokuwa nacho ni chai. Jumamosi ya Wiki ya Maua, mabasi ya wageni yalipokuwa yakizunguka mji kutazama bustani, sisi tulitandaza meza juu ya zile nyasi, tukawapa wapita njia chai na skonzi, na keki zilizochovywa chokoleti na kuviringishwa kwenye nazi. Vern alibeba meza zote kutoka ukumbi wa kanisa, akachoma soseji, akawaamkia watu asiowajua utadhani ni shemeji zake.

Na mpika chai alikuwa Clarrie Ziebarth, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mrefu, mkavu, maneno machache. Alikuwa na birika kubwa la umeme ambalo hakumruhusu mtu kuligusa, na chai yake, wallahi, ilikuwa chai. Vern na yeye walikuwa kama kopo na kifuniko chake. Mmoja anaongea, mwingine anatikisa kichwa.

Mke wa Clarrie, Gwenda, alikuwa na wazimu wake mzuri. Maua yake aliyoyapenda kuliko yote hakuyapanda bustanini. Aliyapanda nje, ndani ya zile nyasi za manispaa. Yalikuwa frizia, maua madogo ya rangi ya maziwa yenye njano kooni, na harufu yake ilivuka barabara ikaingia jikoni kwangu. Kila mwaka aliyasogeza kidogo. Kabla hayajachanua, majani yake huwezi kuyatofautisha na nyasi, usipoinama.

Gwenda alikufa mwanzoni mwa baridi. Clarrie akafunga nyumba akaenda kukaa na binti yake huko Dalby. Agosti ikafika, nyasi zikapanda mpaka magotini, na Wiki ya Maua ilikuwa inakaribia. Vern hakuweza kuvumilia wageni wapite na kuiona nyumba ya Gwenda kama gofu. Akatoa mashine yake. Alijua frizia zipo, akazunguka kwa uangalifu pale kwenye sanduku la barua, alikodhani zinaanzia na kuishia. Hakujua kwamba Gwenda alikuwa amezifikisha hadi mpakani. Alipomaliza, akapanguza jasho akafurahi. Pale kwenye sanduku la barua hapakuwa na kitu tena. Zilikuwa zimehama zamani, na mashine yake ilikuwa imezipitia huko zilikohamia.

Clarrie aliporudi alisimama nje muda mrefu, begi mkononi. Vern akatoka akitabasamu, kisha akaona uso wa mwenzake, na tabasamu likamtoka.

“Nani alikuomba?” Clarrie akamwuliza.

Vern akavua kofia, akaanza kueleza. Mlango ukafungwa. Jumamosi iliyofuata Clarrie akatoa mashine yake mwenyewe, akakata upande wake wote chini kabisa, hata vile vichipukizi vilivyokuwa vinajaribu kurudi, akasimama mpakani sawasawa. Tangu siku hiyo mstari ukakaa. Kwenye chai ya mtaa hakuja tena. Birika tukalishika sisi, na chai ikawa maji ya kuoshea vyombo. Watu wakanywa kwa heshima.

Vern alikwenda kuomba radhi mara nyingi kuliko nitakavyoweza kukumbuka. Hakufunguliwa. Hapo ndipo alipoanza jambo lililotuudhi sote: akawa anakata nyasi zake vizuri, lakini kando ya mpaka, upande wake, anaacha ukanda mrefu umechakaa kama nywele za mlevi. Kila mwaka, tangu baridi mpaka karibu na Krismasi. Clarrie aliuona, na akaelewa kama tulivyoelewa sote, kwamba ni jeuri. Mimi, ambaye nyumba yangu inatazamana nazo zote mbili, nilimwambia Vern wazi kwamba mtu mzima hafanyi hivyo.

“Ule ukanda una kazi, Noela,” akaniambia, “tulia tu.”

Nikamwambia kazi yake ni kufuga nyoka.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja ya Agosti gari la wagonjwa likasimama pale kwake. Moyo. Walipokuwa wanamwingiza garini, mkewe Merle alivuka barabara akiwa na koti juu ya nguo ya kulalia, akanishika mkono.

“Noela, mwenzangu, nakuachia kitu kimoja tu. Ule ukanda asiukate mtu. Ni frizia za Gwenda. Mbegu zilishuka na maji ya mvua mpaka kwetu, na Vern amezitunza tangu zikiwa kama uzi. Mwaka huu ndiyo zimeweka vitumba.”

Nikamwuliza mbona hawakumwambia Clarrie muda wote huo. Merle akasema Vern alikataa kabisa. Alisema maneno ameshayamaliza mlangoni pa mtu, sasa anangoja zichanue, Clarrie azione mwenyewe. Kisha akaniambia na jambo jingine: daktari alikuwa hatoi ahadi, na kitu pekee Vern alichouliza akiwa anahema sakafuni ni kama zimefunguka.

Basi nikawa mlinzi wa nyasi. Kila asubuhi nilivuka barabara nikainama. Ndani ya zile nyasi chakavu vilikuwepo kweli, vitumba vya kijani vimejipanga upande mmoja wa shina, vimefumba. Niliona haya kwa kila neno nililowahi kumwambia Vern juu ya ukanda ule. Nikawa naviambia vile vitumba, moyoni mwangu, vijitahidi.

Ijumaa ya kuamkia chai ya mtaa, nilikuwa jikoni napaka siagi kwenye skonzi. Nikasikia mashine ya Clarrie. Sikushtuka, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku yake ya kukata. Ila mlio ulikuwa unasogea kwa namna ambayo sikuizoea. Nikachungulia. Clarrie alikuwa amevuka mpaka.

Alikuwa amekata kipande chote cha Vern, safi, kingo zimenyooka. Sasa alikuwa anamalizia, na alichokuwa anamalizia ni ukanda. Nilitoka na kisu cha siagi mkononi, nikavuka barabara bila kutazama, napiga kelele, na ile mashine inanifunika sauti. Nilipomfikia alikuwa ameshafika katikati. Na hapo, kabla sijamgusa bega, alisimama mwenyewe. Akazima injini. Alikuwa ameinua uso, pua juu, kama mtu aliyeitwa.

Ua moja lilikuwa limefunguka asubuhi ile, nalo lilikuwa upande uliokatwa. Harufu ilitoka ndani ya mashine.

Clarrie alipiga magoti. Akazichambua zile nyasi zilizokatwa, akatoa shina moja, la pili, la tatu. Kisha akatambaa hadi pale nyasi ndefu zilipobaki, akazitenga kwa vidole, akaviona vitumba vingine vimesimama.

“Za Gwenda,” akasema.

“Za Gwenda. Vern amezilea miaka yote hii.”

“Kwa nini hakusema?”

“Angesemea wapi, Clarrie? Kwenye tundu la ufunguo?”

Akaniambia, akitazama chini, kwamba alichokuwa anafikiri ni kwamba kesho wageni watapita, na nyumba ya mgonjwa haifai kuachwa hivyo. Hayo tu. Alikuwa ametaka kufanya wema. Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, nikaona yanavyomwingia, akafunika uso kwa mikono yenye majani.

Nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Alikuwa ameyaweka yale mashina kwenye chupa tupu ya haradali, ameishika mapajani kwa mikono miwili njia nzima. Pale mlangoni mwa wodi alinigeukia akasema labda ningeingia mimi peke yangu. Nikamwambia mzee mzima asinichekeshe, nikamsukuma.

Vern alikuwa amelala ameegemea mito, mirija puani, rangi ya majivu. Merle aliinuka kumpisha Clarrie kwenye kiti. Clarrie hakukaa. Alisimama pale na chupa yake.

“Nimekata nyasi zako, Vern.”

Vern akamtazama.

“Nimekata na ukanda. Sikujua. Nusu yake nimeimaliza.” Akaiinua ile chupa. “Nilitaka pasafike.”

Vern aliyatazama yale maua ndani ya chupa, moja wazi na mengine yamefumba. Merle akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Kisha akasema, polepole, kwa sauti iliyokuwa imekwisha:

“Nani alikuomba?”

Clarrie aliinama kama aliyepigwa. Na hapo Vern akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanashuka mpaka kwenye mirija, na mashine pale kitandani ikaanza kulia, na muuguzi akaingia mbio kutufukuza. Clarrie alikuwa ameshamshika mkono. Alikuwa analia waziwazi, na alikuwa anacheka pia, mtu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake tangu Gwenda afe.

“Nisamehe, bwana,” akasema.

“Nusu nyingine ipo?”

“Ipo. Sikuigusa.”

“Basi na tuishie hapo. Nenda kawapikie watu chai, wanateseka.”

Siku ya pili Clarrie alitoka na birika lake. Mtaa mzima ulimwona akilivusha kwenye zile nyasi, na kila mtu alijifanya anapanga vikombe. Nilipeleka chupa ya chai hospitalini jioni. Vern alionja kidogo tu, alivyoruhusiwa, akafumba macho. Akaniambia hiyo ndiyo chai, nyingine yote tuliyompa miaka ile alikuwa anakunywa kwa ajili ya urafiki.

Alirudi nyumbani, akaishi majira mengine kadhaa ya machipuko. Nikikumbuka miaka ile, namwona Clarrie anasukuma mashine na Vern amekaa kwenye kiti cha turubai, kofia ile ile, anamwelekeza kwa fimbo na kumwambia anakata kama kipofu. Mpaka ulipotea. Frizia zilijaa pande zote mbili, na wageni wa mabasi walikuwa wanashuka kuzipiga picha, wanauliza ni bustani ya nani.

Vern alizikwa mwezi wa Agosti. Asubuhi ya mazishi nilisikia mashine nikatoka. Clarrie alikuwa ndani ya suti yake nyeusi, anakata mbele ya nyumba ya Vern, anazunguka maua, anakwenda polepole kwa ajili ya viatu. Alikuwa mzee sana wakati huo. Nikavuka nikamwomba aniachie mimi, nikamwambia magari ya msiba yatafika sasa hivi.

Akazima mashine. Akazitazama zile nyasi, upande wake na upande wa Vern, akapanguza miwani.

“Niache nimalize, Noela,” akasema. “Huyu aliniomba.”