Kibao cha Jeki Kilichobaki Lodwar

Siku yangu ya kwanza stooni Lodwar, miaka ile ya sabini, Msimamizi wa depo aliniwekea jeki mbele ya miguu akaniuliza, "Hii ni nini?" Nikamwambia ni jeki. Akasema, "Hapana. Hicho ni chuma. Kikipata kitu cha kukalia ndipo kinakuwa jeki." Akanikabidhi kibao cha mninga, kinene, kimetoka Kitale, maana kwetu mbao hazioti. Katikati kilikuwa na duara jeusi la mafuta, pale jeki ilipozoea kukaa.

Nilipewa kazi ya kutunza stoo na kusindikiza malori kwa sababu najua Kiturkana na Kiswahili, na hakuna mtu aliyethubutu kuniibia. Kusoma sikusoma sana. Lakini ukiniuliza lori la kwenda Kakuma libebe nini, nitakujibu hata leo. Kabari, vile vipande vya mti vya kuzuia magurudumu yasirudi nyuma. Mabati ya matundu ya kutandika chini ya tairi kwenye mchanga. Bomba la kurefusha mkono wa jeki, ili hata mtu mwembamba kama mimi ainue mzigo. Na kibao kabla ya hivyo vyote, kwa sababu mchanga haujui jeki. Unaimeza tu.

Dereva wangu alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, mcheshi, aliyeniita dada hata nikimgombeza. Mwezi mmoja wa kiangazi mtoto wake, Nafula, alishikwa na homa akafa. Wafula akamtengenezea sanduku kwa mikono yake. Sisi Waturkana wakati ule wafu wetu tuliwafunga kwa ngozi, kwa hiyo mimi nilisimama pale kaburini Lodwar nashangaa: mbao nzima kabisa, zinaingia ardhini. Ubavuni mwa sanduku niliona duara jeusi. Nikadhani ni jicho la mti.

Siku chache baadaye akarudi kazini. Nikamuuliza, "Vyombo viko ndani?" Akasema viko. Mtu aliyefiwa utamkaguaje? Nikapanda, tukaondoka na magunia ya mahindi.

Tulizama kwenye mto mkavu pale Kakuma, karibu na visima vya mchanga ambapo wanawake walikuwa wananywesha mbuzi. Tairi la nyuma lilikuwa limeingia lote. Mimi nikapeleka kabari mbele. Niliporudi, Wafula alikuwa ameshaketisha jeki juu ya jiwe, ameinua lori, na amelala chini yake anasukuma bati. Jiwe likapinduka. Jeki ikalala. Lori likashuka, likamkalia mguu.

Mchanga ulikuwa umempa nafasi kidogo, lakini lori lilikuwa bado linashuka polepole, unalisikia likikwaruza.

"Kibao kiko wapi?" nikamwita. "Wafula, kibao."

"Hakuna, dada."

"Umekiacha wapi?"

Akageuzia uso mchangani. Kisha akasema, "Kiko na Nafula."

Lile duara jeusi nilikuwa nimeliangalia mpaka likafunikwa na udongo.

Aliyenizindua ni bibi mmoja pale kisimani. Mbele yake palikuwa na hori, gogo nene lililochongwa la kunyweshea mifugo. Nikamkimbilia, nikamsalimu kwa Kiturkana na kumwita bibi. "Ejok, ata. Nipe hori lako."

"Na mbuzi yangu itakunywa wapi? Kwa kiganja yako?"

"Ata, kuna mtu chini ya lori."

"Miguu nimeona. Mimi nauliza mbuzi."

Nikavuta turubai la lori, nikalitandika kwenye shimo la mchanga. Akalikagua, akamwaga maji humo, kisha akalipindua hori mwenyewe na kuliburuta nami. "Ikipasuka," akasema, "huyo jamaa atanichongea ingine, hata kama ni kwa meno."

Tukaliweka kifudifudi, jeki juu yake, bomba kwenye mkono wa jeki. Nilibonyeza mpaka macho yakaona giza. Hori likalia, likaanza kupasuka katikati, lakini lilishika. Wanawake wakamvuta Wafula kwa mabega. Alipotoka tu, likagawanyika vipande viwili. Mguu ulivimba kama gunia, haukuvunjika. Hori jipya Wafula alilichonga, tena mwenyewe.

Tuliporudi Lodwar, Msimamizi aliuliza, "Kibao cha mninga kiko wapi?"

"Kimezikwa," nikamwambia.

"Nani anazika kibao?"

"Baba wa mtoto."

Akaingia ofisini, akafunga mlango. Kesho yake rafu ya ofisi yake haikuwepo ukutani. Ilikuwa stooni kwangu, imekatwa kipimo cha jeki, bado ina alama za vikombe vyake vya chai.

Sasa nimestaafu, wajukuu wangu ni madereva, wananionyesha jeki za kila namna. Nzuri. Mimi bado naangalia itakalia nini. Na nyinyi mnaokwenda Lokori au Lowarengak, bebeni vibao viwili. Mimi nilibeba viwili mpaka siku ya mwisho ya kazi. Madereva wageni walikuwa wananiuliza, mama, jeki ni moja, cha pili ni cha nini? Nilikuwa nawaambia wakiweke pembeni, mahali pakavu, na wasikipake mafuta; hicho si cha jeki.