Mvua Haina Mikono

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni. Naandika nikiwa mlangoni kwetu, mtaa wa Soweto West. Kuka ameondoka sasa hivi, na mikono yangu bado inanuka kutu.

Kuka ni babu yangu, baba ya mama, fundi wa mbao kule Kawangware, kituo cha 46. Alipougua miezi miwili iliyopita alituachia vyombo vyake vya kazi: randa, misumeno miwili, nyundo na patasi tano. Alisema akipona nitakaa naye likizo nzima anifunze. Mafundi wenzake walicheka. "Msichana na randa? Si ataranda ugali!" Kuka akawajibu, "Na mtaula."

Nilitaka avikute viking'aa. Nikaviosha kwa beseni na sabuni ya unga, nikavifunga kwa nailoni kabla havijakauka vizuri, nikavisukuma chini ya kitanda. Leo amekuja kuvichukua maana Jumatatu anaanza kuweka milango kwa nyumba fulani mtaa wa Ayany. Kufungua nailoni, chuma chote kimekuwa chekundu kama udongo wa barabarani. Nikasema, "Ni mvua, Kuka. Paa linavuja."

Hakunikemea. Aliketi kwenye stuli, akachukua patasi moja, akaikwaruza kwa ukucha, akaanza kuongea polepole. Naandika vile alisema, nisisahau.

"Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa rika lako huko Bungoma. Mzee aliyenifunza kazi aliniazima patasi yake nikamalizie kiti nyumbani. Alikuwa mkali yule, lakini mbao ilikuwa inamsikia. Mimi nikaitupa ndani ya gunia la mbolea, nikaenda mpira. Siku tatu. Na mbolea, usiichezee, hula chuma kuliko mchwa anavyokula mbao. Nikamrudishia nikisema, 'Ni mvua.' Mzee akanitazama. Akasema, 'Mvua haina mikono. Nani aliiweka mvuani?' Nikanyamaza, niliogopa kufukuzwa. Nilinyamaza mwaka mzima, na kila alipoinoa ile patasi mimi nilikuwa naangalia chini. Akafa kabla sijamwambia. Na patasi alikuwa amesema nipewe mimi. Ndiyo hii. Gusa."

Niligusa. Karibu na mpini kuna vishimo vidogo vya zamani, chini ya kutu yangu mpya.

"Kutu hutoka, mwanangu. Shimo hubaki. Watu husema akiba haiozi. Hao hawajawahi kuweka chuma. Chuma ni kama ngozi yako. Ukioga usipojipaka mafuta unapauka, si ndio? Basi chombo kikishika maji kipanguze, kiache kikauke kabisa, halafu ukipake mafuta ya cherehani ya mama yako. Si ya kupikia, hayo huganda yakanata. Kifunge kwa kitambaa kikavu. Nailoni hapana, nailoni hufungia maji ndani. Na usikisahau! Kila Jumapili kifungue ukisalimie. Ukiona doa, lipige msasa na mafuta taa siku hiyo hiyo, likiwa bado doa. Likilala hapo, linachimba. Mtu pia ni hivyo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mungu akupe mikono isiyochoka, mama, na mdomo usioogopa."

Alibeba vingine vyote na kutu yake. Ile patasi ya mzee wake akaiacha juu ya kitanda. "Utaniletea ikiwa safi," akasema. Hakusema lini. Hakusema pia kama bado nitaenda kujifunza, na mimi sikuuliza. Mimi hata darasani nikijua jibu siinui mkono.

Jumapili. Niliamka kabla ya mama. Msasa, mafuta taa, kitambaa, halafu tone moja la mafuta ya cherehani, nikalieneza kwa kidole mpaka chuma kikaanza kunionyesha uso wangu. Vile vishimo vya zamani havikutoka. Nikaifunga kwa kipande cha leso kuukuu, nikatembea mpaka 46 kabla watu hawajaenda kanisani.

Kuka alikuwa nje ya karakana, anasugua randa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Kuka, haikuwa mvua. Ni mimi. Niliviosha nikavifunga vikiwa na maji."

Hakuinua macho. "Najua. Tangu lini mvua ikanukia sabuni?"

Nilitaka kucheka, nikalia kidogo. Yeye akaifungua leso, akapitisha kidole juu ya patasi, polepole, akakiacha pale penye vishimo. Halafu akanisukumia msumeno kwa mguu, na kipande cha msasa juu yake.

"Anza na huu. Ndio umeumia zaidi."

Nikaketi, nikaanza.