Buti za Kaboya

Fundi viatu wa mtaa wa Gerezani nilimjua kwa kubadilishana: dawa ya viatu imeadimika, mimi ninayo dukani Kariakoo, yeye anitilie soli. Kila Julai aling'arisha buti za mwanawe aliyeuawa katika vita vya Kagera, akizipulizia pumzi na kuzisugua kwa kidole gumba, kisha akasafiri kuziweka siku moja juu ya kaburi kule Kaboya, upande wa Bukoba. Mwaka ule miguu ilimkatalia.

“Mangi, si unaenda Bukoba? Nipelekee.”

“Utanipa nini?”

“Soli mpaka nife. Ila pale uvue kofia, mwanangu.”

Kule kaburini nikavua. Niliporudi, aliuona udongo mwekundu wa kaburini umeganda chini ya buti. Brashi aliyokwisha kuishika akairudisha mfukoni. Nilidai soli zangu papo hapo. Akanigongea, buti zikiwa kando yake, udongo wa kaburini haujaguswa.