Siku Tatu za Palizi

Kwetu Uru, juu mlimani, nilikua nikiamini kwamba mbu ni wa watu wa chini. Sisi tulikuwa na ukungu, migomba, ng'ombe bandani na blanketi mbili kwa kila mtu. Vyandarua vilipogawiwa kijijini, mama alipokea chetu kwa shukrani, kisha akakitandaza juu ya kitalu cha kabichi ili kuku wasichakure. Majirani wengi walifanya vivyo hivyo. Ukipita njiani uliona miche imelala ndani ya vyandarua vya bluu, na watu wakilala bila.

Lakini mahindi yetu yalitoka chini. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, babu alikigawa kwa wanawe watano, na kipande tulichopata hakitoshi kulisha nyumba. Ndiyo maana tuna shamba la tambarare, kusini mwa mji, linalopakana na majaruba ya mpunga. Tunashuka asubuhi, tunapanda jioni. Hakuna anayeiita safari. Ni shamba letu.

Masika yale mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wake alikuwa mpagazi wa watalii, na kwa kuwa mvua huwapunguza wageni, alikuwa Arusha akitafuta kibarua. Goti la mama lilikuwa limevimba. Palizi ilibaki kwetu wawili.

"Laleni kule siku tatu mmalize," mama alisema, akimhurumia mwanawe kupanda mlima kila jioni. "Asije akanizalia njiani."

"Nikizalia njiani utaninyima mtori wa uzazi?"

"Nitakunyima nyama. Ndizi utapata."

Kibanda chetu cha shambani ni cha udongo. Kati ya ukuta na bati kuna pengo la kupitisha mkono, na mlango ni gunia. Nyuma yake maji ya mpunga yametulia, mazuri, yamebeba mbingu yote. Jioni ya kwanza mama mmoja aliyekodi jaruba la jirani alitukuta tukitandika mkeka.

"Chandarua kiko wapi?"

"Kinalinda kabichi," nilisema nikicheka.

"Basi kabichi zenu hazitaugua." Yeye hakucheka. Alimtazama mdogo wangu tumbo, akaondoka na jembe lake begani.

Tulimaliza palizi. Tukarudi na mikono iliyojaa vipele, na mama akavipaka mafuta ya kukaangia.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alianza kutetemeka jikoni, karibu kabisa na moto. Mama akasema ni baridi ya masika. Mimi pia nilisema hivyo. Tulimwongezea sweta. Siku iliyofuata kichwa kilimuuma, akatapika uji, tukampeleka zahanati ya juu kwetu. Nesi alikuwa amebakiwa na vipimo vichache vya malaria, akavitunza kwa waliotoka mbali.

"Amesafiri mwezi huu?"

"Asafiri aende wapi na tumbo hili?" mama alisema. "Yuko nyumbani."

Nesi akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema.

Sikudanganya. Shamba la chini halikupita hata kichwani mwangu. Tukapewa dawa za homa na kifua, na tukaambiwa turudi asipopata nafuu. Jasho lilimtoka, akapoa, akala, tukafurahi. Homa ikarudi. Ikapoa tena, ikarudi na nguvu zaidi, na asubuhi ya siku ya nne alimwita mama kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Mama akaacha kusema habari za baridi.

Hospitali ya mjini daktari alikuwa kijana, ana haraka. Alimshika tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu mno. Kisha akaniuliza, "Mwezi huu amelala wapi?"

"Nyumbani. Na shambani."

"Shamba liko wapi?"

Nikamwambia. Akaandika kipimo cha malaria, mkono wake ukikimbia kwenye karatasi.

Mdogo wangu alipona. Mtoto alizaliwa siku ileile, wa kike, hakulia. Tulimzika kwenye kihamba, upande wa migomba michanga.

Juma lililofuata nilimpelekea mdogo wangu mtori chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, maziwa yamelowesha gauni.

"Dada, daktari ulimwambia tulilala kule?"

"Nilimwambia."

Akakoroga mtori, hakula.

"Na nesi?"

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Mama alikuwa uani, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka nani atashuka wiki hii kwenye palizi ya pili, kwa sababu magugu yameshafika magotini. Nilisema nitakwenda mimi. Mdogo wangu aliendelea kunitazama, akingoja jibu la swali lake.