Usipite na Picha ya Baba

Mdogo wangu ana jina alilopewa na marehemu mama, lakini ukiliuliza mtaani kwetu utazunguka hadi viatu viishe soli. Uliza Usipite. Hata mtoto wa chekechea atakupeleka. Jina hilo kajipa kwa mdomo wake mwenyewe, maana kila penye fataki yeye yupo, kasimamisha kamera juu ya kile kistendi cha miguu mitatu, na kazi yake ni kufokea watu: "Usipite! Mama, usipite hapo! Wewe na baiskeli, usipite!" Wenzake wanashangilia, wamebeba watoto mabegani. Yeye anagombana na wapita njia.

Mchana ni mtu mwingine. Ana kibanda cha picha za pasipoti karibu na ofisi za serikali: kiti kimoja, kitambaa cheupe ukutani, kioo, na kitana kilichong'oka meno. Pale anapiga watu bila hata kuwatazama. "Kidevu juu. Sikio lionekane. Tayari, mwingine." Moyo wake uko kwenye fataki. Na siku hizi zimeongezwa leza, ile miale ya kijani na zambarau inayochora anga kama mtu mwenye rula, basi ndiyo kachanganyikiwa kabisa. Atakueleza, hata kama hukumuuliza, kwamba fataki hazipigwi kwa pupa. Kamera inafunguliwa, inaachwa inywe mwanga, ndipo inafungwa. Atakueleza kwamba leza haielekezewi kamera uso kwa uso, inaiunguza ndani. Anajua upepo utapeleka moshi wapi. Ya angani yote anayajua. Ya nyumbani, muulize mtu mwingine.

Nyumbani kuna baba.

Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ndiyo ninayoshonea mimi sare za shule pale sebuleni. Miguu ilipoanza kumvimba aliacha kazi, lakini kazi moja hakuiacha: kumshikia Usipite tochi. Gizani kamera haioni pa kulenga. Kwa hiyo kabla ya fataki mtu anasimama mbali, anawasha tochi, Usipite anailenga ile tochi, anapiga picha mbili tatu za majaribio, halafu anapaza sauti, "Imekaa! Toka sasa!" Mtu huyo kwa miaka yote alikuwa baba. Mzee mzima, kwenye umande, na tochi yake. Nikisema atapata homa, wananiona mimi ndiye mkorofi.

Sasa, baba alikuwa na jambo moja analolitaka, na aliniambia mimi tu. Alitaka mwanawe ampige picha. Picha ya kukaa, ya heshima, kavaa koti. Koti lenyewe alikuwa kalishona tayari, la kijivu, kazi yake ya mwisho kabla vidole havijaanza kutetemeka. Lilining'inia nyuma ya mlango likiwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwambie basi," nikamwambia.

"Mzazi haombi picha, mama. Mtoto akitaka atanipiga."

"Haya, kaa hapo nikupige mimi na simu."

Loo! Aligeuza uso ukutani kama nimemtukana. "Nina mtoto mpiga picha, nipigwe na simu? Watu watasema nini? Watasema kijana hajui kazi."

Na mimi nilikuwa na hofu yangu. Mama alipofariki hatukuwa na picha yake ya maana. Tulichukua ile ya kitambulisho tukaikuza, na mhuri nao ukakua. Mpaka leo mama yuko ukutani na mhuri begani kama furushi lililokaguliwa. Kila nikimtazama naona haya. Niliapa kwamba kwa baba haitakuwa hivyo, na baba mwenyewe alikuwa anapungua mbele ya macho yangu. Kila mwezi nilimtobolea mkanda tundu jipya.

Nikaanza kumwandama Usipite. "Mpige baba picha."

"Nitampiga, dada. Ngoja fataki za uwanja zipite."

Za uwanja zikapita. "Mpige baba."

"Dada, wiki hii kuna leza pale hotelini, unajua zinakuja mara ngapi?"

Baba anakuja mara ngapi, wewe? Lakini heri kusema na ukuta, ukuta haukupigi kalenda. Watu wakaniambia mfinyanzi hulia gaeni. Najua. Ila huyo mfinyanzi gaeni anakula yeye mwenyewe, hamshikishi baba yake gae.

Siku moja nikampelekea chakula kibandani. Hakuwa na mteja. Alikuwa kainamia kamera, anapitisha picha za usiku uliopita, kidole gumba kinabonya, kinafuta, kinabonya, kinafuta. Nikachungulia. Nikamwona baba! Kasimama na tochi kifuani, mwanga umempanda usoni, kofia kaivaa upande, anacheka.

"Rudisha hiyo!"

"Ipi?"

"Ya baba, jamani!"

"Aa, hiyo si picha, dada. Ni ya kulengea tu." Kidole kikabonya. Baba akapotea.

"Na za nyuma? Za miaka yote?"

"Majaribio yanafutwa. Yanajaza kadi."

Nilisimama na bakuli langu mkononi, nikakosa hata tusi. Ndipo nikaelewa kwa nini baba alikuwa anachana ndevu kabla ya kwenda kushika tochi. Nilikuwa namcheka, namuuliza, mzee, fataki zina wachumba? Kumbe kila mara alidhani safari hii picha moja itahifadhiwa.

Tusi likarudi, nikalitoa, na mengine yaliyolifuata. Wateja wa kibanda cha jirani wakatoka kusikiliza. Usipite akashika kichwa. "Basi, dada, basi. Nimekosea. Nitampiga, tena nitampiga kiukweli. Jumamosi wanafungua lile jengo jipya la maduka, fataki na leza zote pamoja. Nitamkalisha baba mbele na fataki nyuma yake. Hakuna mzee mwenye picha kama hiyo!"

"Mpige kesho asubuhi. Hapa. Kwenye kitambaa cheupe."

"Kitambaa cheupe ni cha pasipoti. Baba anasafiri kwenda wapi?"

Ningempiga bakuli, ila alishamwambia baba kwa simu hata sijafika nyumbani. Nikamkuta mzee kashusha koti, anatoa vumbi lisilokuwepo. Ungemwambia nini mtu mwenye furaha ile?

Jumamosi jirani mwenye pikapu alitupeleka, baba kakaa mbele na mwanawe, mimi nyuma na kiti cha plastiki. Tukapata uwanja wazi nyuma ya jengo. Tukamkalisha baba mbali kidogo, koti limefungwa vifungo vyote, kidevu juu, tochi mapajani. Usipite akalenga, akapiga majaribio yake. "Hapo hapo, baba! Usitikisike! Zikianza tu nakupiga!"

"Sitikisiki!" baba akajibu.

Zikaanza. Na leza zikawashwa upande ambao Usipite hakuutarajia, zikaja moja kwa moja kwetu. Akaruka, akafunika kamera kwa kofia, akaizungusha na kistendi chake, akaiinua juu kuikwepa miale. Huko juu ndiko alikobaki. "Mama wee, tazama hiyo! Tazama hiyo!" Anafungua, anafunga, anafungua. Kamsahau baba kama mtu anavyosahau mwavuli.

Na baba kakaa. Kazipa fataki mgongo, anaitazama kamera ambayo haimtazami, kajinyoosha, hapepesi. Watu wote wanaangalia juu, yeye peke yake anaangalia kwetu. Nikashindwa kuvumilia, nikaanza kwenda kwake.

"Usipite!" mdogo wangu akanifokea. "Dada, unaniharibia! Usipite hapo!"

Nikapita. Tena nikapita polepole.

Baba alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Kaa pembeni, mama," akaninong'oneza bila kugeuza uso. "Utaingia kwenye picha."

Fataki ziliisha, moshi ukashuka, watu wakaanza kutawanyika. Usipite akaja mbio, jasho linamtoka, meno yote nje. Halafu akamwona baba kitini. Meno yakarudi ndani.

"Zile za majaribio," nikamwambia. "Toa hizo. Hata hizo zinatosha."

Akabonya kamera. Akabonya tena. "Nilifuta, dada. Kadi ilikuwa inajaa. Kidole kimezoea."

"Imetoka?" baba akauliza.

Usipite akatazama viatu vyake. Ikabidi nijibu mimi. "Haikutoka, baba."

Mzee akaifikiria kidogo. "Mwanga haukuwa mzuri," akasema. "Mwanga ukikataa, fundi afanyeje?"

Anga zima lilikuwa linawaka moto, lakini ndivyo alivyosema, na kwenye pikapu akaweka mkono wake juu ya goti la huyo mjinga njia nzima. Mimi nyuma nilikuwa nalia kwa hasira, upepo unanipiga, nimekumbatia kiti.

Baridi ile haikumwacha. Kifua kikabana, chakula akawa anakigusa tu. Daktari akatuambia maneno ambayo madaktari huyasema wakiwa wanachezea kalamu. Nikaenda kibandani moja kwa moja. Kulikuwa na foleni. Nikashusha kile kitambaa cheupe ukutani mteja akiwa bado kitini.

"Dada!"

"Funga. Unampiga baba leo. Si baada ya kitu chochote. Leo."

Lazima kuna kitu alikiona usoni mwangu, maana alifunga.

Nyumbani nikamvalisha baba koti. Lilikuwa limemzidi, mabega ya koti yamekwenda kwao na yeye kwake, nikalikusanya mgongoni kwa pini kama tunavyofanya nguo ya mteja isiyojaribiwa. Kwa mbele likakaa sawa. Tukamketisha karibu na dirisha, mto nyuma ya kiuno. Akajinyoosha mwenyewe. Akapandisha kidevu kabla hajaambiwa.

Usipite akaweka kamera, akainama, akafumba jicho moja. Nikasubiri aseme sikio lionekane. Hakusema. Akazungusha lenzi kidogo, akaacha kuzungusha. Nikasikia mtaani mtu anauza kitu na kipaza sauti, akapita, akaishia, na kamera haijalia.

"Una nini wewe?" nikamwambia. "Nayo hii inakunywa mwanga?"

Akainua kichwa, akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Dada," akasema, "baba amekonda hivi tangu lini?"

Nilikuwa na majibu gunia zima. Nilikuwa nimeyaweka akiba miaka na miaka, kila moja na makali yake, na sikupata hata moja la kumpa. Ni baba aliyejibu, bila kushusha kidevu.

"Piga kwanza, mwanangu. Kulia utalia baadaye."